Aliyemfundisha Darwin kukusanya mbawakawa kaishia kuwa kasisi wa kijijini miaka 35, shida ilikuwa nini?

#1 Mzee wa Kabati
Wakuu salaam.

Kuna kasisi mmoja wa Kianglikana kule Uingereza anaitwa William Darwin Fox, kazaliwa 1805 kafariki 1880. Ni ndugu wa Charles Darwin huyu tunayemsoma shuleni, babu mzaa mama wa Fox na babu yake Darwin walikuwa ndugu wa tumbo moja. Wakakutana Cambridge mwaka 1828 chuo cha Christ's. Darwin ndo kwanza kaacha udaktari Edinburgh, alishindwa kuvumilia kuangalia watu wanapasuliwa bila ganzi, mzee wake kachukia kamwambia haya basi kasomee ukasisi. Fox yeye alikuwa katangulia, naye anaelekea huko huko kanisani, ila kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu, mbawakawa, wale wadudu wenye mbawa ngumu mgongoni.

Darwin wakati huo mtu wa bunduki na farasi. Fox ndo kamwonyesha pa kutafuta, chini ya magome, kwenye majani yaliyooza, kingo za mto. Jamaa akanogewa, likizo ya kwanza tu yuko kwao anamwandikia Fox kwamba anakufa kidogo kidogo kwa kukosa mtu wa kuongea naye habari za wadudu. Fox huyo huyo ndo akamuombea mwaliko kwa profesa Henslow, na Henslow ndo akaja kumwunganishia safari ya meli ya Beagle mwaka 1831. Mengine mnayajua.

Sasa Fox. Mwaka 1838 anapewa parokia ya Delamere, jimbo la Cheshire, anakaa hapo hapo mpaka 1873. Anabatiza, anazika, anafuga kuku na bata. Basi.

Swali langu ni hili, nini kilimbakiza pale? Na kwanini makasisi wengi wa enzi ya malkia Victoria walikuwa na wazimu wa wadudu hawa? Karibuni.

#2 Kisarawe Boy
Nimekaa paleee nasubiri wajuzi.

Ila kuna watu walikuwa na muda jamani, mtu mzima na digrii yake ya Cambridge unabandua magome ya miti unatafuta dudu 😂

#3 Mwalimu Mstaafu
#2 umecheka lakini jibu umelitaja mwenyewe, muda.

Zamani ile Oxford na Cambridge sehemu kubwa ya wanafunzi walikuwa wanaishia kanisani, ndo ilikuwa ajira ya heshima ya mtoto wa pili au wa tatu kwenye familia zenye uwezo. Ukipewa parokia umepewa nyumba kubwa, shamba la kanisa na fungu la kumi la mazao ya wanakijiji, ambalo sheria ya 1836 ikaja kuligeuza kuwa malipo ya fedha. Hakuna bosi anayekukagua Jumatatu. Umesoma Kilatini, kwa hiyo majina ya kisayansi hayakutishi. Kijiji kizima mwenye vitabu ni wewe. Unategemea afanye nini Jumanne mchana mvua inanyesha?

Swali la pili la mtoa mada mimi naona limeishia hapo.

#4 Mama Ubuyu
Mwalimu shikamoo, ila hapo nakataa.

Mimi ni mtoto wa mchungaji. Baba hakuwa na hiyo Jumanne mchana unayoisema, kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna wazee wa kanisa wamegombana kuhusu mabati, usiku mtu anagonga mlango mke kapigwa. Na huko kwao kulikuwa na makasisi wasaidizi kibao waliokuwa wanafanya kazi za wenye parokia kwa mshahara wa mawazo, mbona hao hatuwasikii na mbawakawa? Kwa hiyo sio ukasisi uliotoa muda. Pesa ndo ilitoa muda.

#5 Kisarawe Boy
Mama Ubuyu kaanza na shikamoo kamaliza na rungu 😂😂

#6 Nyuki wa Tabora
Wote mnaongelea muda na pesa, mmeruka imani yenyewe.

Kwa watu wale kuchunguza mdudu ilikuwa sehemu ya ibada. William Paley, kasisi, kaandika mwaka 1802 kwamba ukiangalia viumbe vilivyopangika hivi lazima umwone aliyevipanga. Hilo likawa somo la kizazi kizima na Darwin mwenyewe kamsoma Paley akampenda. Sasa mbawakawa ndo ushahidi mzuri kuliko wote, mbawa laini zimekunjwa chini ya mbawa ngumu, kila mguu una kazi yake. Kasisi William Kirby wa kijiji cha Barham, Suffolk, kahudumu pale pale tangu 1782 mpaka kafa 1850, miaka 68, na ni mmoja wa baba wa elimu ya wadudu Uingereza. Huyo huwezi kuniambia alikuwa anapoteza muda. Alikuwa anasoma kitabu cha pili cha Mungu.

#7 Ngosha Mtulivu
Mtoa mada una uzi mzuri ila kuna kitu umemzidishia Fox sifa. Darwin hakufundishwa na Fox peke yake. Kuna kasisi mwingine, Frederick William Hope, huyu ndo alikuwa mzito kwenye mbawakawa. Mwezi wa sita 1829 Darwin kaondoka naye kwenda Wales kukusanya, bahati mbaya kaugua midomo baada ya siku mbili tu kageuza nyumbani. Hope kaoa mwanamke mwenye mali, afya ikamsumbua akaachana na kazi za parokia, akaweka nguvu zote kwenye wadudu, na 1849 kawapa Oxford makusanyo yake yote. Mpaka leo Oxford kuna uprofesa wa elimu ya wadudu wenye jina lake.

Sasa hapo Mwalimu na Mama Ubuyu mnaweza kugawana pointi. Hope aliyeacha parokia ana jina. Fox aliyebaki parokiani hana.

#8 Mtu wa Maghala
Wadau mimi kazi yangu ni wadudu wa nafaka, acha niwaambie mnachokiongelea kwa vitendo maana naona watu wanadhani ni kuokota tu na kuweka kwenye kopo.

Unamkamata. Unamweka kwenye chupa yenye majani ya mti wa laurel yaliyopondwa, yale majani yanatoa hewa yenye sianidi, mdudu anakufa bila kukakamaa na viungo vinabaki laini. Wengine walitumia maji ya moto. Mkubwa unamchoma pini kwenye bawa la kulia, sio katikati maana katikati ndo mbawa zinapokutana utampasua. Mdogo huwezi kumchoma pini, unampaka gundi kidogo kwenye kikaratasi kigumu, kisha kwa brashi unamvuta miguu mmoja mmoja na papasio zake mpaka ikae sawa, gundi isipande mgongoni. Ukikohoa umempoteza. Halafu unaandika lebo kwa mwandiko mdogo sana, wapi na lini, bila lebo huyo ni takataka. Mwisho droo iliyotandikwa chini gome laini kama la vizibo vya chupa, la kuchomea pini, na kafuri ya kufukuza wadudu wengine wasije wakala wadudu wako.

Nimefanya hivyo na dumuzi maabara, milimita tatu nne, macho yaliuma wiki nzima. Sasa kuna kasisi Andrew Matthews, parokia ya Gumley, Leicestershire, yeye kachagua familia ya mbawakawa wadogo kuliko wote duniani, wengi hawafiki hata milimita moja, mbawa zao ziko kama unyoya. Mwaka 1872 katoa kitabu kizima chenye michoro yao. Hadubini na mwanga wa dirishani. Hiyo mnayoita muda wa ziada sijui mnaipima vipi.

#9 Kisarawe Boy
Mkuu #8 heshima kwako. Dumuzi si ndo yule wazee walikuwa wanamwita Skania?

#10 Mtu wa Maghala
Ndo huyo huyo. Kaingia kutoka Amerika ya Kati, akaanzia kuonekana Tabora miaka ya mwanzoni ya 80, anageuza gunia la mahindi kuwa unga. Naye ni mbawakawa, msimwonee haya. Turudi kwenye mada.

#11 Dada wa Mikataba
Jamani mmesahau afya. Fox alikuwa na matatizo ya mapafu toka kijana. Kaanza kama kasisi msaidizi huko Epperstone, Nottinghamshire, mapafu yakamkatalia, akaenda kujiuguza kisiwa cha Wight kwenye hewa ya bahari na huko huko ndo akampata mke wake wa kwanza, Harriet Fletcher, wakaoana 1834. Yaani wakati Darwin anazunguka Amerika Kusini juu ya farasi mwenzake yuko ufukweni anakohoa. Mtu wa hivyo unampandisha meli ya miaka mitano?

#12 Ngosha Mtulivu
Dada hapo sawa ila Darwin naye aliporudi aliumwa maisha yake yote yaliyobaki, kutapika, moyo kwenda mbio, kulala kitandani, mpaka wote wawili na Fox wakawa wateja wa tiba ya maji ya Dkt. Gully kwenye mji wa Malvern. Na bado kaandika vitabu. Ugonjwa peke yake haujibu.

#13 Dada wa Mikataba
Haujibu ukiwa na watumishi nyumba nzima na mke anayekusomea barua. Endelea.

#14 Mpwapwa Finest
Nimepitia juu juu nikaona mke, padre ana MKE?? 😳

#15 Mama Ubuyu
Mwanglikana huyo baba, wanaoa. Soma uzi toka mwanzo.

Na sio mke tu. Harriet kafariki 1842, Fox akaoa tena 1846, Ellen Sophia Woodd, watoto wakazidi kumiminika. Mwaka 1852 Fox kafikisha wa kumi, Darwin anamwandikia nakupongeza na nakupa pole, ila mimi nikifikisha wa kumi tafadhali niletee pole tupu. Na Darwin naye akaja kupata wa kumi, mwaka 1856. Na Fox hakuishia kumi!

Sasa niambieni nyie wanaume wa uzi huu. Nyumba ina watoto zaidi ya kumi, kila mmoja anataka shule, viatu, surua ikiingia inapita kitanda hadi kitanda. Mbawakawa utawabandika saa ngapi?

#16 Mpwapwa Finest
Basi naelewa kwanini alikuwa anakimbilia porini 😂

#17 Kamau wa Naks
Wasee wa Bongo niaje. Swali tu, hiyo Delamere ni ile ya kwetu? Ile ya maziwa na mashamba kule Naivasha na Soysambu?

#18 Mzee wa Kabati
Kamau karibu. Jina limetoka huko huko. Ile familia ya Cholmondeley cheo chao ni Baron Delamere wa Vale Royal, na Vale Royal iko Cheshire, sio mbali na parokia ya Fox. Lord Delamere wenu, yule wa tatu aliyekuja kuchukua ardhi Kenya, kazaliwa Vale Royal 1870. Fox kastaafu 1873, kwa hiyo wakati kasisi anafunga mizigo kuhamia Sandown, huyo bwana ni mtoto wa miaka mitatu jirani tu hapo.

Delamere yenyewe zamani ilikuwa msitu wa mfalme, sheria ikaja kuufuta 1812 watu wakagawana.

#19 Kamau wa Naks
Aah kumbe walianza kugawana za kwao kabla waje kugawana zetu. Sawa tu.

#20 Mwalimu Mstaafu
Mama Ubuyu marahaba, sikuwa nimejibu. Pointi ya watoto naikubali ila mbona umeniunga mkono bila kujua? Fox mwaka 1828 hana mtoto, ana muda, mbawakawa kibao. Fox 1852 ana watoto kumi, mbawakawa wako wapi? Muda ndo ulikwisha.

#21 Mama Ubuyu
Mwalimu wewe ulisema ukasisi ndo ulimpa muda, sasa unasema ukasisi haukumpa. Chagua.

#22 Mzee wa Kabati
Msigombane. Wacha niwachekeshe kidogo.

Watu wanadhani Darwin alikuwa anainama mwenyewe kila mara. Hapana, alimlipa kibarua amkwangulie kuvumwani kwenye miti wakati wa baridi na amkusanyie takataka za chini ya mashua zinazoleta matete kutoka kwenye mabwawa, humo akapata mbawakawa adimu. Kulikuwa na dalali mmoja wa wadudu pale Cambridge anaitwa Harbour. Darwin akaja kugundua Harbour anampa mwanafunzi mwingine, Babington, achague kwanza, yeye analetewa mabaki. Kamwandikia Fox kwa hasira kwamba wameagana rasmi, kamtukana na kumuahidi akikanyaga tena chumbani kwake atamteremsha ngazi kwa teke.

Na ile ya mdomoni mnaijua? Kashika wawili adimu, kila mkono mmoja, akatokea wa tatu mpya. Akamtupia mmoja mdomoni apate mkono. Yule mdudu akamwachia maji makali ulimi ukaungua, akatema, yule akapotea na wa tatu akapotea.

Barua kama ile ya Harbour zilikuwa zinakwenda kwa Fox. Christ's wanazo zaidi ya 150.

#23 Kisarawe Boy
Yaani dalali kuuzia mteja mwingine mzigo wako kumbe hakujaanzia Kariakoo

#24 Leicester Mswahili
Habari zenu wadau, nipo Leicester, #8 umenishtua kutaja Gumley. Nimewahi kupita, ni kijiji kidogo sana karibu na Market Harborough, kanisa, nyumba chache, mashamba. Ukisimama pale unaelewa. Hakuna kitu cha kufanya wakuu.

Ila nataka kupinga mtoa mada kuwafanya makasisi wote kama watu waliokwama. Thomas Blackburn, kasisi, alikuwa Honolulu kuanzia miaka ya 1870 mpaka 1882, anahudumu na kukusanya, mbawakawa wa Hawaii wengi yeye ndo wa kwanza kuwaandika pamoja na David Sharp. Kutoka hapo akahamia Australia Kusini, kwanza Port Lincoln halafu Woodville karibu na Adelaide, mpaka kafariki 1912. Huyu kaelezea spishi za mbawakawa wa Australia zaidi ya 3,000, huku anaongoza ibada kila Jumapili. Na W. W. Fowler alikuwa kasisi na mkuu wa shule pale Lincoln, katoa majuzuu matano ya mbawakawa wa Uingereza kati ya 1887 na 1891. Mkuu wa shule! Nani mwenye muda mchache kuliko mkuu wa shule?

#25 Mwalimu Mstaafu
Mimi nimekuwa mkuu wa shule. Thibitisho liko kwenye mgongo wangu.

#26 Chuo Kikuu Mtaani
Nimesoma zote, naona wote mnatafuta sababu kwenye ukasisi wakati huenda hakuna cha ajabu kwenye ukasisi.

Wakati ule ule kulikuwa na wafumaji wa vitambaa Spitalfields na Lancashire, vibarua, mafundi viatu, wanakusanya wadudu na mimea siku za mapumziko, wana vilabu vyao wanakutana baa. Hao hawakuandika vitabu vya majuzuu matano, makusanyo yao yaliuzwa au yakaliwa na wadudu. Kasisi anajua kuandika, ana anwani ya kudumu miaka 30, ana rafiki Oxford wa kumwachia droo zake. Tunawaona makasisi kwa sababu karatasi zao zilibaki. Ongeza stempu ya peni moja kuanzia 1840, sanduku la wadudu kutoka Cornwall linafika London kwa hela ndogo. Posta ndo iliyotengeneza hawa mabingwa wa vijijini.

#27 Nyuki wa Tabora
Chuo Kikuu umeongea, lakini mfumaji alikuwa na vipepeo, ndege wa kufuga, maua, kila kitu. Kwanini makasisi mbawakawa? Mimi bado naenda na imani.

#28 Mtu wa Maghala
Nyuki, sababu ni rahisi zaidi ya imani. Kipepeo lazima awe mzima mabawa yote, anachakaa, anataka jua. Mbawakawa unampata mwaka mzima, chini ya jiwe, kwenye mzoga, kwenye mavi ya ng'ombe, na akishakauka hata miaka mia mbili yuko vile vile. Uingereza ina spishi takriban 4,000 za mbawakawa, vipepeo hawafiki hata 100. Ukiishi kijiji kimoja miaka 35 vipepeo utawamaliza, mbawakawa hutawamaliza.

#29 Dada wa Mikataba
Naomba nirudi kwa Fox maana kapotea. Hakuna aliyetaja baba. Baba yake Darwin alikuwa daktari tajiri anayekopesha watu pesa, na 1839 Darwin kaoa binti wa Wedgwood wenye kiwanda cha vyombo. Darwin hakuwahi kuajiriwa. Ukasisi ulimwondoka polepole kwa sababu hakuuhitaji. Fox naye kwao walikuwa na uwezo ila sio kwa kiwango hicho, na familia ile.

Halafu kumbukeni nafasi ya Beagle ilipotokea aliyefikiriwa kabla ya Darwin alikuwa Leonard Jenyns, kasisi, naye mkusanyaji wa wadudu, mpinzani wa Darwin kabisa. Akakataa kwa sababu ya parokia yake. Fox alishamaliza chuo 1829, hakuwa machoni pa Henslow tena. Angebaki Cambridge miaka miwili zaidi tungekuwa na uzi mwingine.

#30 Ngosha Mtulivu
Angebaki miwili zaidi angekataa kama Jenyns.

#31 Leicester Mswahili
Mimi sikubali hata hili neno kubaki. Mwaka 1855 Darwin anaandaa hoja zake za kubadilika kwa spishi, anamwandikia nani amletee vifaranga na bata wadogo apime mifupa? Fox. Yule mfuga kuku wa Delamere tuliyemcheka post ya kwanza. Fox akatuma, akajibu maswali ya mbwa, ya paka, ya kuku, miaka na miaka, na hakuwahi kuwa mpiga debe wa ile nadharia. Annie, binti wa Darwin, alipofariki Malvern 1851, siku chache baadaye Darwin anamwandikia Fox. Urafiki wa miaka 50 bila kugombana dini, leteni mfano mwingine.

#32 Mama Ubuyu
Kuku waliangaliwa na nani? Ellen Sophia na wafanyakazi. Haya endeleeni.

#33 Tende na Kahawa
Asalaam aleikum. Niko Muscat nimefuata neno mbawakawa nikajikuta kwa makasisi. Nina mitende michache, yule mwenye pembe anatoboa shina kwenye kitovu cha makuti. Mtu wa Maghala nisaidie.

#34 Mtu wa Maghala
Waleikum salaam. Huyo ni ndugu wa chonga wetu wa minazi. Wazee wa pwani wanatumia waya wenye ndoano, unaingiza kwenye tundu unamvuta. La muhimu zaidi ondoa magogo yaliyooza na marundo ya samadi karibu, huko ndo wanataga. Picha tafadhali, ukiweka na sarafu pembeni nione ukubwa.

#35 Kisarawe Boy
Na usimweke mdomoni mkuu

#36 Mzee wa Kabati
Tende na Kahawa fungua uzi wako kule Kilimo, picha weka huko.

Dada wa Mikataba hiyo ya Jenyns inanipa shida na hoja yako ya pesa. Jenyns kwao walikuwa vizuri tu kifedha, na bado parokia ilimshika. Alikuja kuandika samaki wa Beagle walioletwa na Darwin, yaani kazi ya safari akaifanyia nyumbani. Nani ana maelezo ya hilo?